Mwanangu, usiweke sahihi kwanza

Mwanangu, mama yangu, asalaam aleikum.

Meseji yako ya usiku wa Jumanne nimeipata, nimeisoma mara mbili, nikazima simu nikatoka kukaa barazani. Sikukujibu pale pale manake nilijua nikijibu na moto wa moyo nitakuumiza, na we hujakosa, umeulizwa na wajomba zako ukajibu unavyoona ukiwa huko mbali. Umesema nyumba ya bibi imechoka, mnunuzi yupo, anataka kiwanja avunje ajenge fremu za maduka, na kwa kuwa bibi alikuachia sehemu kwa wasia basi we uko tayari kuweka sahihi yako yaishe. Sawa nimekuelewa. Naomba usiweke kwanza. Nakuandikia kwa simu kidogo kidogo, leo siku ya tatu, ikiwa ndefu nivumilie.

Nataka nianze na safari yetu ya mwezi wa sita, zile siku 4 ulizoomba ruhusa kazini ukanipeleka Lake District, kule kwenye maziwa na milima kaskazini mwa England. Nilivyorudi huku kila mtu ananiuliza umeona nini Uingereza nikawa nasema maziwa, milima, mvua, kondoo, basi. Sijamwambia mtu kilichonikaa moyoni. Na we mwenyewe sikukwambia, ulikuwa unaendesha gari barabara nyembamba zile ukuta huku ukuta huku, nikaona nisikuchanganye.

Unakumbuka tulivyovuka Windermere, ukaniambia ndo ziwa la asili kubwa kuliko yote England, urefu wake kama kilomita 17, lakini pale kwenye kivuko ni pembamba tu, mtu akipiga kelele ng'ambo unamsikia. Kile kivuko kinajivuta chenyewe kwa nyaya zilizolazwa majini mpaka ng'ambo, gari zikapanda chache na baiskeli na mama mmoja na mbwa wake, nami nikawa nakiwaza kivuko chetu cha Msangamkuu, wamama na madishi ya samaki, mtu na kuku wake, mtu na godoro. Nilikaa nje kwenye manyunyu kwa sababu nilitaka kuona milima inavyokuja. Ile milima haina miti juu, mipara kabisa, imeliwa na kondoo karne na karne, na kuta za mawe zinapanda mpaka kule ambako mi najiuliza nani alipandisha mawe yale na kwa mgongo wa nani. Hazina saruji wala udongo! Nilishuka nikaikagua moja pale njiani ulipokuwa unatafuta parking, ni kuta mbili zimeegemeana, katikati wamejaza vijiwe vidogo, halafu kila baada ya hatua kuna jiwe refu limepita upande hadi upande linazifunga zote mbili. Nikalisukuma kwa mkono. Halitikisiki.

Halafu tukafika Near Sawrey, kwenye nyumba ya yule mama mwandishi wa vitabu vya watoto, Beatrix Potter, inaitwa Hill Top. Mi nilitegemea jumba. Mjukuu wangu alivyokuwa ananisimulia njia nzima habari za sungura aliyevaa koti na bata mwenye shali nikajua huyu mtu lazima alikuwa tajiri ana kasri. Kumbe kijumba cha mkulima, kimepakwa rangi ya kijivu, ndani giza kidogo, na watu wamejaa bustanini wanasubiri zamu maana tiketi imeandikwa saa ya kuingia, wengine wametoka Japani. Wote hao wanasubiri kuingia jikoni kwa mtu! Jiko la chuma la kuni na makaa, kabati la vyombo, saa ndefu ya kusimama inagonga, kofia, sahani. Yule binti anayelinda chumba akampa mjukuu wangu kitabu akamwambia angalia mchoro huu halafu angalia kabati lile, ni lile lile. Mtoto akaruka. Nami nikakodoa macho, nikaona kweli, kabati alilochora miaka zaidi ya 100 iliyopita limesimama mbele yangu na vumbi limefutwa asubuhi ile ile.

Ulinisomea kibao ukanitafsiria, nami nilikuwa nasikiliza kuliko ulivyodhani. Kwamba aliinunua mwaka 1905 kwa hela ya vitabu vyake na kidogo cha urithi alichoachiwa na shangazi yake. Kwamba alipoolewa 1913 na mwanasheria wa huko huko akahamia nyumba nyingine kijijini hapo hapo, lakini hii hakuiuza, akaiacha na vitu vyake, anavuka barabara anakuja kukaa humo na kazi zake. Na alipofariki 1943 akawaachia wale National Trust ardhi ya ekari zaidi ya 4,000, mashamba, kondoo, na nyumba hii, kwa maagizo kwamba vyumba vikae kama alivyoviacha. Na wale National Trust wenyewe nikakuuliza ni serikali, ukasema hapana, ni jumuiya ya kuhifadhi ardhi na nyumba za zamani, iliyoanzishwa 1895 na watu 3, Octavia Hill, mwanasheria Robert Hunter, na mchungaji wa kule kule kwenye maziwa, Hardwicke Rawnsley. Ukasema na sheria ilipitishwa 1907 kwamba mali wakishaitangaza kuwa haiuzwi, basi haiuzwi, hata wao wenyewe hawana uwezo wa kuiuza.

Mwaka 1895 ulinishtua, sikusema. Ndo mwaka Wajerumani waliojenga boma letu hapa Mikindani. Yaani mwaka ule ule wale watu watatu wanakaa kitako wazuie mabonde yao yasiharibiwe, huku kwetu mtu mwingine anapanga mawe juu ya kilima atutawale. Na boma lile nalo unajua lilivyokuwa mi nikiwa msichana, paa limeanguka, popo, tulikuwa tunakatazwa kupita jioni. Miaka ya 1990 ndo wale Waingereza wa shirika la Trade Aid wakalikarabati likawa hoteli, mafundi walikuwa vijana wetu hapa hapa. Kwa hiyo mtu asiniambie kuta za Mikindani zikishaanguka haziinuki, macho yangu yameona.

Lakini nyumba iliyonishika zaidi siyo ya yule mama. Ni ile ya wakulima pale Troutbeck, Townend. We ulibaki nje na simu ya kazi, nikaingia na mjukuu wangu ndo akawa mkalimani, Mungu ambariki, Kiswahili chake kimekatika katika lakini alijitahidi. Familia moja, wanaitwa Browne, wamekaa nyumba ile zaidi ya miaka 400 mpaka 1943. Siyo mabwana, wafuga kondoo tu waliojiweza. Mwanamume wa mwisho alikuwa anachonga mbao, amechonga kila kitu, viti, makabati, vitanda, hamna pa kuweka kidole pasipo na nakshi. Na wakulima hao walikuwa na vitabu! Chumba kizima cha vitabu, zaidi ya 1,000. Moto ulikuwa umewashwa jikoni, mzee anayejitolea pale kukaribisha wageni akaniona nimesimama nauangalia, akanivutia kiti nikae. Akauliza natoka wapi. Mjukuu akamwambia. Akauliza kwenu mnajenga na nini. Nikamwambia matumbawe ya baharini na chokaa na boriti za mikoko. Akataka kujua chokaa tunaipataje, basi nikaanza kumweleza tanuu, unavyopanga magogo duara, unavyoweka matumbawe juu, unavyowasha na moto unavyokula usiku kucha mpaka mawe yanakuwa meupe laini kama unga, halafu inavyoachwa ipigwe na maji na umande. Yule mtoto alikuwa anahangaika na maneno, tanuu anaita jiko kubwa, na mzee anasikiliza ameinama mkono sikioni. Mwanangu, toka nizaliwe hamna mtu aliyeniuliza nyumba ya mama yangu imejengwa vipi. Watu wanauliza inauzwa bei gani.

Nilipotoka machozi yalikuwa yananilenga, ukauliza nini, nikasema moshi.

Ile nyumba ya Dove Cottage pale Grasmere sitaieleza sana, ilikuwa inanyesha na umati mkubwa, ila mambo mawili. Yule mshairi Wordsworth na dada yake Dorothy walikaa humo kuanzia mwisho wa 1799 mpaka 1808, zamani ilikuwa kilabu cha pombe, na kuna chumba cha juu kina baridi kweli, yule dada akabandika magazeti ukutani kote kuzuia baridi. Magazeti! Kama alivyobandika mjomba wako chumba cha uwani, mkawa mnajifunza kusoma mmelala. La pili ni kile kistoo cha chakula chini, kijito kinapita chini ya sakafu ya mawe, ndo ilikuwa friji yao. Niliinama nikaweka kiganja kwenye lile jiwe. Baridi ilipanda mpaka kwenye kiwiko. Na nyumba hiyo ilinunuliwa 1890 kusudi ihifadhiwe, mwaka uliofuata ikafunguliwa watu waione, ina maana kuna mtu alikataa mapema kabisa isiende.

Sasa tuje kwetu.

We umesema imechoka. Imechoka wapi? Mi nalala humu najua. Ukuta wa mbele umevimba kwa sababu ya ile plasta ya saruji tuliyopiga mwaka ule bibi anaumwa, tukidhani tunaipendezesha. Fundi mzee wa huku juu alikuja juzi akagonga kwa nyundo ndogo, akasema sikiliza, inalia tupu. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, unakunywa unyevu na kuutoa, ukiupiga saruji unauziba pua, maji yanabaki ndani na chumvi inakula chokaa taratibu mpaka siku plasta inadondoka na vipande vya ukuta. Akabandua kipande ukubwa wa sahani, nyuma yake ukuta umeloa, na mvua haijaanza! Dawa yake ni kubandua yote, kuacha ukuta ukauke, kupiga chokaa. Na dari la mbele boriti 7 zimeliwa na mchwa, nyingine ziko imara, amezigonga moja moja nami nimeshika kitochi. Saba tu. Kuchoka kwenyewe ndo huko, na sisi wenyewe ndo tuliosababisha nusu yake.

Halafu kuna vitu ambavyo huvioni kwenye picha wajomba wanazokutumia. Toka mlangoni, upande wa kulia wa baraza, ukingoni, pana shimo limebonyea refu kama mtumbwi, laini, ukipitisha kidole linateleza. Bibi alikuwa ananolea kisu pale, na mama yake, na mimi, na we ulinolea pale sikukuu ya mwisho kabla hujaondoka nikakugombeza unakaa vibaya. Vizazi 4 jiwe limeliwa. Mbuzi ya kukunia nazi iko, kinu kipo, ule mlango nakshi zake zimefifia upande wa jua tu. Kile kitanda cha kamba kimekatika, kamba zinafungika. Mi siombi watu watoke Japani kuja kuangalia kinu cha bibi. Nasema tu nimeona watu wa shamba wenye jiko la kawaida na viti vya kuchonga wenyewe, vitu vyao vikaonekana vina thamani ya kufutwa vumbi kila asubuhi, na mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya namna hiyo hiyo nimeambiwa ni gofu.

Na usiniambie kwamba hayo ni ya Wazungu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia urithi wa dunia 1981, Lake District wameingia 2017, tumewatangulia miaka 36. Kilwa ilifika mahali 2004 ikawekwa kwenye orodha ya hatarini, bahari inakula na kuta zinaanguka, ikafanywa kazi miaka kadhaa ya kuimarisha kuta, 2014 ikatolewa kwenye orodha hiyo. Hapo ni Lindi, siyo ng'ambo. Na maziwa tunayo pia. Nilivyokuwa kwenye kivuko kile nilikuwa nakumbuka tulivyokwenda Rutamba uko darasa la nne, kwa ndugu za bibi, asubuhi ukungu umelala juu ya ziwa na mtu kwenye mtumbwi anatokea anapotea, ulitaka kuingia majini ukashikwa mkono. Ulisema mama hapa pazuri kama kwenye kitabu. Mtoto wako hajapaona. Amepaona Grasmere.

Kuna jambo moja na nitakwambia ukweli wote nisije nikaonekana nimelewa uzuri wa watu. Yule mzee wa Townend aliniambia kitu cha kuhuzunisha. Nyumba za bonde lile zinanunuliwa na watu wa mijini wanaokuja wikiendi na likizo, bei imepanda mpaka mtoto wake mwenyewe ameshindwa kukaa pale alipozaliwa, amehamia mbali. Zinapendeza, maua dirishani, usiku taa hazijawashwa. Hilo sitaki. Sitaki nyumba ya bibi ifungwe kwa kufuli iwe ya kutazamwa. Nataka ipikiwe. Binti wa shangazi yako amepanga chumba Mtwara mjini na wanawe wawili, nimeongea naye, yuko tayari kuja kukaa chumba cha nyuma, baraza atachoma vitumbua asubuhi na jioni ming'oko, na wale wageni wanaoshuka kuangalia soko la zamani na ile nyumba yenye kibao cha yule mmisionari Livingstone aliyepita hapa 1866 wanapita mlangoni kwetu kila siku, wanapiga picha mlango wetu wanaondoka, hamna anayewakaribisha hata maji. Chumba cha juu chenye dirisha la kuangalia ghuba kikitengenezwa mtu atalala humo na atalipa. Sijapiga hesabu za utajiri, nimepiga hesabu za nyumba kujilisha.

Nikukumbushe wale kondoo, Herdwick, ulionionyesha wazazi wa kijivu na watoto weusi, ukasema wanazaliwa weusi wanafifia wakikua. Mjukuu wangu akaniambia na jambo jingine alilofundishwa shule, kwamba milimani hamna uzio, kondoo jike anajua eneo lake na mwanae anajifunza kwa kumfuata mama, na kundi likiuzwa lote inakuwa kazi kubwa mno kulifundisha jingine, ndo maana huko mtu akiuza shamba kondoo wa mlimani wanabaki na shamba. Nililiwaza sana nikiwa kwenye ndege. Mwanao anayajua hayo ya kondoo wa Cumbria, huko huko Lake District, na mlango wa bibi wa bibi yake hajaushika. Sikulaumu, nauli ni nauli. Lakini akija siku moja aje wapi? Nimpeleke kwenye fremu ya duka la simu nimwambie hapa palikuwa na nyumba?

Kwa hiyo naomba vitu vitatu, na nakuomba kama mama siyo kama mdai. Kwanza mpigie mjomba wako mkubwa we mwenyewe, mwambie huweki sahihi mpaka mwakani tuone. Mimi akinisikia anasema dada ameenda Ulaya amerudi na mambo, we atakusikiliza, siku zote amekusikiliza. Kaka zangu siyo watu wabaya, mmoja ana ada za watoto wawili chuoni, namuonea huruma, nimeshamwambia korosho zangu za msimu huu nikiuza nitampa sehemu apumue.

La pili ukiweza tuma hela ya boriti na chokaa kabla ya mwezi wa kumi na mbili, mvua zikianza dari la mbele halivuki. Ukiwa na kidogo tuma kidogo, fundi amekubali kuanza na dari peke yake, ukuta utasubiri ukaukie. Ameshaanza kuokota boriti nzuri kwenye nyumba iliyovunjwa kule chini. Jumamosi anakuja na kijana wake kupima.

La tatu ni ile picha ya bibi uliyoondoka nayo, ile nyeusi na nyeupe amekaa barazani na kanga ya kisutu, mi niko mgongoni kwake. Nyuma yetu juu dirisha lilikuwa bado halijazibwa kwa matofali, lina kitu kama kimia cha mbao, lakini mi nilikuwa mdogo sikumbuki kilikuwa na pembe ngapi na kilikaaje. Fundi ananiuliza kila akija. Itoe kwenye fremu, iweke karibu na dirisha mchana siyo kwenye taa, ipige upande wa juu wa kushoto tu, uikuze, unitumie kabla ya Jumamosi.

Msalimie mkweo na mumeo, mwambie mjukuu wangu bibi ana swali jingine la kondoo.

Mama yako,
Mikindani